Mikoba Iliyong'aa Kupita Kiasi

Mwalimu wetu wa Kichina hakuwa na sura ya mtu wa kuuza kitu, na hilo ndilo lililomfanya awe muuzaji hatari. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, raba miguuni kila siku, begi la mgongoni limejaa nyaya za simu. Ungemkuta kwenye ngazi za chuo ungedhani amekuja kutengeneza mtandao. Tulimwita Mwalimu Rudia, kwa sababu neno lake la kwanza kila jioni lilikuwa "rudia," la mwisho lilikuwa hilo hilo, na katikati alilinyunyiza kama chumvi.

Mimi ni muuza vipuri vya cherehani. Niliingia darasani kwake baada ya kushuku kwamba mkalimani wangu analainisha maneno yangu yakifika kwa muuzaji wa ng'ambo. Nilienda kutafuta silaha, sikwenda kutafuta elimu. Kwa hiyo ninachosimulia hapa ni cha mtu aliyeiona kazi yake kwa jicho la soko, na kwa jicho hilo nasema wazi: yule mwanamke alijua kupatana.

Kichina hakukipatia darasani. Ujana wake aliumaliza kwenye stoo ya kampuni ya kujenga barabara, akigawa spana, glovu na kofia ngumu kupitia kidirisha. Mafundi wageni walikuja wakinyoosha vidole. Yeye alikishika kifaa, akawauliza kinaitwaje, akalitamka jina mpaka wakachoka naye. Baada ya muda alikuwa akigombana nao kwa lugha yao kuhusu nani hajarudisha toroli. Barabara ikaisha, kampuni ikafunga mizigo, na yeye akaenda kutafuta cheti ili alichonacho kinywani kitambulike.

Mtihani ukamwangusha. Ulikuwa wa karatasi na kalamu, basi. Jirani yake alikuwa kijana aliyekariri kitabu kizima, ambaye ukimwomba maji kwa Kichina alikutazama kama ukuta. Kijana akapita. Mwalimu ilibidi arudie mwaka, akakariri naye, akakipata cheti chake.

"Walinipima mkono," alituambia siku moja akifuta ubao. "Mdomo waliuacha nje mlangoni."

Alipoanza kufundisha jioni, akakuta yaleyale yanawapata watu wake. Darasa lile lilikuwa la watu wa kazi. Alikuwepo Mama Mashuka, mwanamke wa kifua kipana na sauti inayovuka barabara, anayeuza mashuka na mapazia. Alikuwepo Fundi Simu, baba wa watoto watatu, mkimya, vidole vyembamba, anayeagiza vioo vya simu. Wengine walikuwa wa mabomba, wa vyombo, wa vitambaa. Muhula hadi muhula walikuwa wakiongea na wauzaji wao vizuri tu, halafu wanaingia kwenye chumba cha mtihani, wanapewa karatasi, wanatoka na sifuri iliyonenepa. Matokeo yakibandikwa, darasa linaonekana la wajinga na mwalimu wao anaonekana mvivu.

Ndipo akapanda kwa Mkuu wa Idara. Mimi nilikuwa kwenye korido nikingojea ufunguo wa darasa, na mlango ulikuwa wazi.

"Nataka darasa langu lipimwe kwa mikoba ya kidijitali," alisema.

"Mikoba gani tena, Mwalimu?"

"Kila mwanafunzi ana mkoba wake mtandaoni. Anaweka sauti yake akiongea, ujumbe aliouandika, maelezo ya mzigo aliyoyasoma. Anaanza siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Na chini ya kila kitu anaandika mwenyewe wapi kakosea, wapi kapatia. Mtahini anafungua anaona mtu alikotoka na alikofika."

Mkuu alicheka kwa pua. Si mtu mbaya, nimhukumu kwa haki. Alikuwa ameumwa na nyoka. "Mwalimu, mimi niliwahi kukubali kazi za nyumbani. Nikaletewa insha nzuri kuliko zangu, darasa zima. Kumbe zote zimetoka kwa jamaa mmoja pale nje ya geti, ana kompyuta na birika la chai. Leo unataka niletewe sauti? Sauti zinaazimwa!"

"Basi usiniamini."

"Ehe?"

"Leta watahini wa nje. Wachague wewe, mimi nisiwajue. Wafungue mikoba, wawaite wenyewe, wawaulize watakalo. Wakisema haifai, haifai."

Hapo nikasogea karibu na mlango. Mtu anayemwachia mwenzake achague mizani ama ni mjinga, ama anaujua uzito wa mzigo wake.

"Na wakisema haifai," Mkuu akasema polepole, "darasa la jioni nalifunga. Chumba nawapa watu wa kompyuta. Na wewe unajua mkataba wako umeshikwa na darasa hilo."

"Najua."

"Unakubali?"

"Nimekuja mwenyewe, Mkuu. Hukuniita."

Mwalimu akatoka, akanipa ufunguo, akaniambia, "Usisikilize milangoni, utaota masikio. Twende darasani." Jioni ile ile akatueleza sote bila kuficha: mikoba ikikataliwa, darasa limekwisha na yeye hana kazi. Hakulia wala hakutubembeleza. Alitueleza kama mtu anayekuambia gari linaondoka na kiti chako ni hiki.

Tukaanza. Wiki za kwanza ilikuwa aibu tupu. Unajirekodi, unajisikiliza, unatamani kuikana sauti yako. Kichina sauti ikipanda au kushuka maana hugeuka, lakini Mama Mashuka alitamka kila neno kwa mlio mmoja, kama anayeita watoto waje kula. Zaidi ya hapo alikuwa na ugonjwa mmoja: akipotea njia katikati ya maongezi, alisema asante. Muuzaji anapandisha bei, yeye asante. Anapandisha tena, asante sana. Muuzaji yule ng'ambo ya pili lazima alidhani amepata mteja kutoka mbinguni.

"Mama Mashuka," Mwalimu akamwambia, "jisikilize hapo. Unamshukuru kwa kukunyonga."

"Mwalimu mwanangu, mimi nililelewa na adabu!"

"Adabu weka mwanzo na mwisho. Katikati weka bei. Andika chini ya sauti hiyo ulichokosea. Halafu rudia."

Fundi Simu yeye alikuwa na ugonjwa mwingine. Alikimbiza maneno, trrrr, kama cherehani isiyo na breki, ili lile asilolijua lipite bila kuonekana. Mimi yangu siyasemi. Nilikuwa na ya kwangu na yaliandikwa.

Lakini tulibadilika. Mikoba ikajaa, na Mwalimu alikuwa akiifungua kila wiki, anasikiliza akiwa amefumba macho, anatuandikia neno moja au mawili. Muhula ulipokaribia mwisho, Mama Mashuka alikuwa akipatana na muuzaji wake moja kwa moja, na darasa lilikuwa limeanza kutembea kifua mbele. Tulijua tunashinda. Na kwa kuwa tulijua tunashinda, tukaharibu.

Wazo lilikuwa la Mama Mashuka, mikono ilikuwa ya Fundi Simu, na sisi wengine tulipiga makofi. Mwishoni mwa wiki kabla ya watahini kuja, tulikutana kwenye kibanda cha Fundi tukaisafisha mikoba. Kila sauti ya aibu tukaitupa. Kila ujumbe uliopinda, nje. Yale maandishi ya "hapa nimekosea" tukayafagia yote, nani anataka kumwonyesha mgeni madoa? Zilizobaki ni zile sauti safi za mwisho mwisho, zimepangwa kwa mstari kama mashuka mapya kwenye rafu. Tuliondoka pale tumefurahi. Hakuna aliyemwambia Mwalimu. Tulitaka kumshtua.

Tulimshtua.

Asubuhi ya watahini alikuja mapema, akaunganisha kompyuta na ile mashine ya kumulika ukutani, akafungua mkoba wa kwanza. Akafungua wa pili. Akageuka.

"Ya mwanzo yako wapi?"

Fundi Simu akajipiga kifua kidogo. "Tumesafisha, Mwalimu. Na usiwe na wasiwasi, nilifuta mpaka kwenye pipa la taka. Hayarudi tena."

"Hayarudi."

"Hata waje na fundi wa serikali."

Mwalimu alivuta kiti akakaa.

"Kwani kuna ubaya gani?" Mama Mashuka akauliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mgeni anakuja nyumbani, unamwachia vyombo vichafu sebuleni?"

"Mama, hawa hawaji kula. Wanakuja kuangalia vyombo vimeoshwa na nani. Mkuu alisema nini? Alisema sauti zinaazimwa. Sasa fungueni macho muone: mtu hana jana, ana leo tu, na leo yake imenyooka kama rula. Ungekuwa wewe mtahini, ungesema kajifunza au kaazima?"

Jibu lilikuwa ukutani, kubwa, limemulikwa. Mama Mashuka alijifunika mdomo kwa kanga. Fundi Simu alianza kuitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Kosa ni langu," Mwalimu akasema. "Niliwafundisha kuujaza mkoba. Sikuwaambia kwamba yale makosa ndiyo mzigo wenyewe."

Hapo mimi nikatoa wazo la sokoni. Nikasema, makosa si tunayajua? Tuyatengeneze upya. Muda upo kidogo, kila mtu ajirekodi vibaya, tuyapandishe, nani atajua.

"Mabovu ya kughushi?" Mwalimu akaniuliza. "Kila sauti inaandikwa tarehe. Na hata isingeandikwa, mimi nisingefanya hivyo."

"Lakini Mama Mashuka anayaweza kweli," mmoja wa nyuma akasema. "Mama, hebu lile lako la asante."

Mama Mashuka, macho bado yamelowa, akafanya. Akajigeuza yule mwanamke wa wiki ya kwanza: sauti ya kuita watoto, bei mbele salamu nyuma, asante, asante, asante sana, huku bei ya kufikirika ikipaa juu ya kichwa chake. Darasa likapasuka kwa kicheko. Watu walikuwa wameshikilia meza.

Mwalimu hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyeona kitu kimedondoka chini.

"Ulifanyaje?"

"Nimejiiga, Mwalimu. Si ndivyo nilivyokuwa?"

"Na unajua kila ulipokosea?"

"Nitaachaje kujua? Umenirudisha humo mpaka koo likaota sugu."

Mwalimu akasimama, akajipangusa sketi. "Basi hatutaghushi kitu. Mtafanya hivyo hivyo mbele yao, waziwazi. Wakiingia naanza mimi."

Waliingia na Mkuu mbele. Watahini walikuwa wawili, wote walimu wa Kichina wa siku nyingi: mama mwenye miwani ya mnyororo, na mzee wa suti ya kijivu ambaye uso wake haukuwa umepangisha tabasamu kwa muda mrefu. Wakafungua mikoba. Wakasikiliza sauti moja, ya pili, ya tatu. Mzee akaegemea kiti.

"Wanaongea vizuri," akasema. "Vizuri mno. Hawa walizaliwa wakiongea? Mwanzo uko wapi?"

Mkuu akamgeukia Mwalimu, na nikaona kwenye uso wake yule jamaa wa birika la chai.

"Mwanzo umefutwa, mzee," Mwalimu akasema. "Wameufuta wenyewe, bila kunieleza, kwa sababu walitaka kuwapokea vizuri. Ni wafanyabiashara, mzigo wenye doa hawauweki mbele. Mimi ndiye sikuwaeleza, na hilo muandike. Lakini mkoba nilioufundisha haukuwa wa kuhifadhi sauti tu. Ulikuwa wa kumfundisha mtu ajisikilize mwenyewe. Chagueni sauti yoyote, isimamisheni popote, mumuulize mwenyewe: zamani ungesemaje hapa, ulikosea nini, ukarekebishaje. Mwenye sauti ya kuazima hawezi kujibu hilo."

Watahini wakatazamana. Mama wa miwani akabonyeza. Ikatoka sauti ya Mama Mashuka akiulizia pazia. Akaisimamisha katikati.

"Mwenyewe yupo?"

"Nipo, mama."

Alisimama. Mama Mashuka akarudi kwenye sauti yake ya zamani: akaita watoto, akatanguliza bei, akashukuru kwa kunyongwa. Mama wa miwani akauma midomo. Halafu Mama Mashuka akajikatisha, akaeleza moja baada ya nyingine, sauti ilipaswa kupanda wapi na kushuka wapi, salamu inakaa wapi, na asante kwa nini ilikuwa inamla. Kisha akairudia sentensi ikiwa nzima, safi, kama ile ya kwenye mkoba.

"Ni mchezo mzuri," mzee wa suti akasema bila kupepesa. "Mchezo unafanyiwa mazoezi. Nipeni mwingine, nimchague mimi."

"Mchague yeyote," Mwalimu akasema.

Akamchagua Fundi Simu, mtu wa mwisho ambaye mimi ningempeleka mbele ya watu. Fundi akasimama, akavipangusa vidole vyake kwenye suruali. Mkuu akatazama saa. Mwalimu hakumsaidia; hakutikisa hata kichwa. Mwishowe Fundi akafungua mdomo na ile cherehani yake isiyo na breki ikatoka, trrrr, mpaka mwisho wa sentensi. Akasimama. Akairudia taratibu, akawa anasimama kila penye shimo. "Hapa sikujua neno la kioo. Hapa sikujua kusema kimevunjika, nikapita mbio. Hapa nilidhani nikikimbia hatanisikia." Akalitaja kila neno alilokuwa analificha, kwa Kichina, polepole, kama anayepanga skrubu kwenye kitambaa cheupe.

Mzee wa suti akavua miwani yake ya kusomea. Akamuuliza swali kwa Kichina, halikuhusu simu wala vioo, lilihusu watoto. Fundi akajibu. Akakwama mahali, akasema kwa Kichina kwamba neno hilo halijui, akalizunguka kwa maneno mengine mpaka akafika. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Mimi bado nina neno na huyu wa mashuka," mama wa miwani akasema, na akageukia Kichina hapo hapo. Akajifanya muuzaji. Akataja bei ya kichaa.

Darasa zima tulijua pale ndipo ugonjwa ulipokaa. Mama Mashuka akafungua mdomo, akaufunga, akanyamaza. Akakaa kimya kama ghala lililofungwa. Mama wa miwani akasubiri, akasubiri, akachoka, akaishusha bei mwenyewe. Mama Mashuka akamwuliza kwa adabu zote kama duka la jirani yake wa pembeni liko wazi leo. Mama wa miwani akacheka kwa sauti, akashusha tena, na hapo ndipo, baada ya bei kukaa sawa, Mama Mashuka akainamisha kichwa akasema asante.

Mimi nimepatana na watu maisha yangu yote. Ile ilikuwa kazi safi.

Waliwaita wengine, karibu darasa zima, na kila aliyesimama alileta ubovu wake wa zamani na kuuvunja mbele yao. Mtu mmoja alianguka, yule aliyekuwa akija siku za mvua tu kwa sababu chumba kilikuwa hakivuji. Hakuwa na jana wala leo, na ilionekana mara moja. Nafikiri hilo lilitusaidia kuliko lilivyotuumiza, maana sasa ilikuwa wazi kwamba mizani inapima.

Watahini wakatoka kwenye korido na Mkuu. Tukasikia sauti, si maneno. Mama Mashuka alimshika Mwalimu mkono. "Mwalimu mwanangu, wakikufukuza utakuja dukani kwangu, utakaa kwenye kiti."

"Nikikaa dukani kwako utanichosha, mama."

Wakarudi. Mzee ndiye aliyesema. Kipimo cha mikoba kinakubalika. Waliofaulu wamefaulu na cheti chao ni kile kile cha wenzao wa karatasi. Kufutwa kwa kazi za mwanzo kutaandikwa kwenye taarifa kama upungufu wa mwalimu, na kuanzia muhula ujao kinachoingia mkobani hakitoki.

"Andikeni," Mwalimu akasema. "Ni kweli."

Kelele zilizofuata zilileta watu kutoka vyumba vya jirani kuuliza nani kaoa. Fundi Simu, yule mkimya, alikuwa amepanda kwenye kiti. Mama Mashuka alimkumbatia mama wa miwani mpaka ule mnyororo ukakwama kwenye kanga, wakasimama pale wamefungamana, wakicheka na kunasuana.

Mwalimu hakungoja kelele ziishe. Alimfuata Mkuu mlangoni, wakati bado ana uso wa mtu aliyefurahi mbele ya wageni. Nikawafuata, masikio yangu yameshaota tayari.

"Darasa lako limebaki, Mwalimu. Hongera."

"Asante, Mkuu. Nataka madarasa matatu."

"Matatu! Umepewa mkono unataka bega?"

"Umeona watu wa nje wamesema nini. Mzee wa suti ataenda kuwasimulia vyuo vingine. Wakija kuuliza wapi mikoba inafundishwa, uwaonyeshe darasa moja la jioni chini ya ngazi?"

Mkuu akajikuna shingo. "Moja la nyongeza."

Mwalimu akanyamaza. Alinyamaza vizuri, akimtazama usoni bila chuki wala haraka, na ndani ya kelele zile ule ukimya ulikuwa mkubwa.

"Mawili ya nyongeza," Mkuu akasema, "lakini mwalimu wa pili sina."

"Wa pili nitamfundisha mwenyewe. Na mkataba wangu usishikwe na darasa tena. Ushikwe na idara."

"Hilo nitalitazama."

"Litazame sasa, Mkuu. Kalamu ninayo."

Akaitoa begini, katikati ya nyaya. Mkuu aliitazama ile kalamu, akaangalia ndani ambako watahini walikuwa bado wanacheka na watu wangu wa soko, akaangalia tena kalamu. Kisha akatikisa kichwa kama mteja anayejua amekamatwa, akamwambia twende ofisini, na Mwalimu akapita mbele yake kwenda kuonyesha njia.